Utando Mwembamba Hausamehe Uchafu

Wanangu, nawaandikia nyinyi mnaosubiri kwenda vyuoni kusoma fizikia, kemia na ufundi wa umeme, pamoja na wenzenu mliokwisha kushika bisibisi hapa Tunduma, mnaofungua taa za malori yaliyopanga foleni kutoka mpakani kurudi Mpemba. Nimewaweka pamoja kwa makusudi. Kitu ninachotaka kuwaeleza, mmoja wenu anakishika kila siku bila kukijua jina, na mwingine ataambiwa jina lake darasani bila kukishika.

Ndani ya taa ya mbele ya lori kuna bakuli la plastiki linalong'aa. Fundi wa taa anajua kwamba ukilisugua kwa kitambaa chenye petroli, mng'ao utaondoka na kitambaa, na hakuna rangi ya kupuliza itakayourudisha kama ulivyokuwa. Mng'ao ule ni alumini. Unene wake ni kama nanomita 100, wakati unywele wa kichwa una nanomita kama 70,000. Kwa hesabu ya atomu, ni safu kama 400 tu zilizolaliana. Utando wa namna hiyohiyo umo ndani ya kapasita ya feni, umo kwenye pakiti za krispi, na umo juu ya vioo vya darubini za wanajimu. Kwa kawaida huwekwa kwa kuvukizwa ndani ya ombwe.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Unachukua waya wa tangsteni uliosokotwa, unauning'inizia vipande vya alumini, unafunika yote kwa kengele ya kioo au chombo cha chuma, unanyonya hewa, kisha unapitisha umeme kwenye waya. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 na kuulowanisha waya. Ikikaribia nyuzi 1,200 huvuka kwa kasi, atomu zikitoka kwa mistari iliyonyooka hadi zigonge kitu baridi na kutua. Katika hewa ya kawaida safari hiyo haiwezekani, maana molekuli haiendi hata nanomita 100 kabla ya kugongana na nyingine. Punguza hewa mpaka ibaki sehemu moja kati ya milioni 76, nayo molekuli itasafiri mita kama tano bila kizuizi. Ndiyo maana tunahangaika na pampu.

Kazi hii nimeifanya miaka mingi nikiwa fundi sanifu wa maabara, kabla sijarudi Mbozi kwenye kahawa. Na katika yote niliyojifunza, moja nataka liwakae: usafi wa metali uliyonunua si usafi wa utando uliotengeneza.

Muuzaji atakuletea alumini yenye karatasi inayosema asilimia 99.999. Maana yake, katika atomu 100,000 kuna ngeni moja tu. Ni metali nzuri na ya bei kubwa, na mwanafunzi akishaisoma karatasi ile anaandika kwenye ripoti yake kwamba ametumia alumini safi, basi, suala la uchafu limekwisha. Halijaanza hata kidogo. Fuateni hesabu hii na penseli mkononi.

Hewa ikibaki sehemu moja kati ya milioni 760, jambo ambalo katika maabara nyingi ni ombwe la kujivunia, molekuli zilizosalia bado zinapiga kila mahali ndani ya chombo. Kama zote zingenata, zingefunika uso wa kioo chako kwa safu moja kamili katika sekunde mbili au tatu. Sasa tuseme unavukiza alumini polepole, sehemu moja ya kumi ya nanomita kila sekunde. Safu moja ya alumini nayo inakuchukua sekunde mbili hivi. Yaani kwa kila atomu ya alumini inayotua, molekuli moja ya gesi inabisha hodi pale pale. Si zote zitakazoingia, lakini hata ikiingia moja katika kumi, zile tisa tano za kwenye karatasi ya muuzaji zimepotea, na umezipoteza wewe.

Ongezeni kasi mara mia, iwe nanomita 10 kwa sekunde, na pampu ikiwa ileile. Sasa gesi ni moja kwa atomu mia za metali. Wahenga walituambia haraka haina baraka, na kwenye mambo mengi ya dunia nawaombeni muwasikilize. Alumini ndani ya ombwe inataka haraka. Anayeivukiza taratibu akidhani anakuwa mwangalifu anaipa oksijeni nafasi ya kukaa.

Lakini msichukue kanuni hiyo mkaipaka kila metali. Dhahabu haina haja na oksijeni. Molekuli ikitua juu yake huondoka, na utando wa dhahabu uliovukizwa katika ombwe la wastani unaweza kutoka vizuri kabisa. Alumini, kromiamu na titaniamu zina uchu. Titaniamu hunyonya gesi kiasi kwamba tunaitumia kama pampu: unaivukiza kwanza kuelekea kutani, inakamata oksijeni na naitrojeni iliyobaki, na ombwe linaboreka kabla hujagusa kazi yako. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya mashine lisiwe ombwe ni zuri au baya. Ulizeni zuri kwa metali gani na kwa kasi gani.

Gesi inayobaki mwishoni, katika chombo ambacho hakikupashwa moto kikauke, sehemu kubwa ni mvuke wa maji. Nani kauleta? Aliyefungua mlango. Kuta za chombo hunywa unyevu kila zinapokutana na hewa, na Dar es Salaam wakati wa masika hewa yenyewe imeloa. Ukiuacha mlango wazi ukaenda kunywa chai, pampu itahangaika saa nyingi baadaye kuyatoa maji yale, nayo hutoka kidogo kidogo kwa ukaidi. Huku kwetu juu, mwezi wa Julai, baridi ni kali lakini hewa ni kavu, na nimewahi kuwaza kwamba maabara ya namna hii ingependa sana kukaa Vwawa. Maji yakikutana na alumini ya moto hupasuka: oksijeni inabaki ndani ya metali, hidrojeni inatoroka na kulichafua ombwe zaidi. Na pampu za zamani zinazotumia mvuke wa mafuta zina aibu yake nyingine, maana mafuta hurudi nyuma kuingia chomboni, na bila mtego wa baridi katikati, utando wako utakuwa na kaboni usiyoiagiza.

Sasa mtaniuliza, uchafu huo unafanya nini hasa?

Utando wa metali haukui kama bati lililonyooka. Atomu hutua, hutembea kidogo juu ya uso, hukutana na wenzake, hujenga visiwa, visiwa hukutana na kuwa punje, na punje hupakana. Oksijeni ikiwepo hukimbilia kwenye mipaka ya punje na kuigandisha, punje zikashindwa kukua. Utando wenye punje nyingi ndogo zilizozungukwa na oksidi hupitisha umeme vibaya, huwa mgumu, na hujikaza au kujisukuma ndani kwa ndani mpaka wakati mwingine unajikunja na kubanduka wenyewe. Mng'ao nao unapotea. Alumini nzuri hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga tunaouona. Ile iliyochafuka hutoka ya kijivu au ya kahawia, na hasara yake kubwa iko kwenye mwanga wa zambarau na ule wa ng'ambo ya zambarau, ambao macho yetu hayauoni. Ndiyo maana utando unaweza kukudanganya kwa macho ukaumbuka kwenye kipimo.

Tofautisheni oksidi ya ndani na ile ya juu. Alumini yoyote ikitolewa nje ya chombo hujivika oksidi ya nanomita mbili hadi nne, ngumu na angavu, nayo huilinda. Hiyo ni rafiki. Mmarekani John Strong aliifahamu siri hiyo vizuri, na mwaka 1935 alipokivika alumini kioo kikubwa cha darubini ya Mount Wilson kule California, chenye upana wa mita 2.5, wanajimu waliachana na fedha iliyokuwa ikifubaa. Oksidi mbaya ni ile iliyoingia wakati utando unajengwa, ikajificha katikati ya safu, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Nitarudi barabarani kidogo. Mmeyaona malori yanayotoka Copperbelt ya Zambia na Katanga ya Kongo yakiwa na mabamba ya shaba yaliyofungwa mafungu kwa mikanda ya chuma. Hiyo ni kathodi, shaba ya asilimia 99.99. Sehemu yake husafishwa kwa umeme ndani ya tindikali ya salfa: shaba chafu inayeyuka upande mmoja, inajipanga upande wa pili, dhahabu na fedha zinaanguka chini na matope, nikeli na chuma vinabaki kwenye maji. Gharama yote hiyo ni ya kuondoa sehemu ndogo tu ya kile kilichokuwemo. Je, inastahili? Tia fosforasi sehemu nne tu kati ya 10,000 kwenye shaba hiyo, na uwezo wake wa kupitisha umeme utapungua kwa karibu robo. Tia fedha kiasi hichohicho, na mita yako haitaona tofauti ya maana. Uchafu una majina, na kila jina lina uzito wake. Mtu akikuambia "ina uchafu kidogo tu", mwulize uchafu gani.

Sababu iko kwenye elektroni. Katika fuwele safi elektroni hupita bila shida; kinachoisumbua ni kutetemeka kwa atomu kwa sababu ya joto. Atomu ngeni huvuruga mpangilio, elektroni ikagonga na kupotea njia. Katika miaka ya 1860 Augustus Matthiessen, mkemia aliyefanya kazi London, alionyesha kwamba ukinzani unaoletwa na joto na ule unaoletwa na uchafu hujumlishwa tu, na wa uchafu haubadiliki sana joto linapobadilika. Hapo tunapata kipimo ambacho nakipenda kuliko vyote. Chovya alumini safi kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ukinzani wake utashuka hadi karibu moja ya kumi. Chovya utando uliojaa oksijeni, utashuka kidogo na kukwama, kwa sababu sehemu kubwa ya ukinzani wake haikutoka kwenye joto. Na msiniambie naitrojeni ya namna hiyo ni ya Wazungu: wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe huitembeza vijijini ndani ya mitungi yao, na kituo cha taifa cha kazi hiyo kiko Usa River, Arusha.

Hata hivyo msiutwishe uchafu kila dhambi. Utando ukiwa mwembamba sana, kuta zake mbili zenyewe huizuia elektroni. Katika shaba, kwa joto la kawaida, elektroni husafiri kama nanomita 40 kabla ya kugonga kitu. Ukitengeneza utando wa nanomita 40, elektroni nyingi zitagonga juu au chini kabla ya kufika hapo. Aliyeifanyia hesabu mwaka 1938 ni Klaus Fuchs, yuleyule aliyefungwa Uingereza mwaka 1950 kwa kuwapa Warusi siri za bomu la atomiki. Kwa hiyo mwanafunzi anayepata ukinzani mkubwa aondoe kwanza hesabu ya wembamba, kisha ya mipaka ya punje, na kitakachobaki ndicho autwishe uchafu. Nimesoma ripoti nyingi zilizoruka hatua hizo, zikalaani metali iliyokuwa haina kosa.

Tuje kwenye mikono yetu. Kioo kinachosubiri utando hakishikwi katikati, hushikwa ukingoni, kwa glavu au kwa koleo. Mafuta ya kidole hayaonekani, ila utando utayaonyesha: alama ya kidole chako itatokea chini ya alumini, mistari yote, na kukaa hapo miaka. Osha kioo kwa sabuni ya maji, suuza mara nyingi kwa maji yaliyotoneshwa, kisha asetoni, kisha spiriti, kausha. Halafu kipulizie pumzi, taratibu, ukikielekeza kwenye taa. Kioo kichafu hushika ukungu wa matone ya kijivu yenye mabaka. Kioo safi hushika ukungu mwembamba, sawasawa, unaokauka kutoka ukingoni bila kuacha madoa. Nimeona mashine za gharama kubwa zikishindwa kusema kile ambacho pumzi ya fundi imeshasema.

Baada ya utando kutoka, bandika selotepu juu yake, ikandamize kwa ukucha, ivute kwa mkupuo. Alumini ikija na selotepu, tatizo liko kwenye kioo, wala si kwenye alumini. Dhahabu itakuja tu, hata kioo kikiwa safi, kwa sababu dhahabu na kioo hawaelewani. Tunaweka kwanza nanomita chache za kromiamu katikati yao. Lakini angalieni, mkija kuupasha moto utando huo, kromiamu hupenya kwenye mipaka ya punje za dhahabu na kupanda juu, na ukinzani unaongezeka. Uchafu umeingia kwa mlango wa chini, na mlioufungua ni nyinyi, kwa sababu nzuri kabisa.

Kuna mawili ya chomboni ambayo hayamo kwenye vitabu vingi vya shule. La kwanza ni kipazia, kibati kidogo kinachokaa kati ya metali na kioo. Metali inapoanza kupata moto, vinavyotoka mwanzo ni mafuta, chumvi za jasho, na metali ngeni zinazovuka upesi. Kipazia kifungwe mpaka hayo yaishe na alumini iliyoyeyuka ing'ae bila utando wa oksidi juu, ndipo mfungue. Waya mpya wa tangsteni nao uwashwe mtupu kwanza. La pili, msitie ndani ya chombo skrubu ya brasi wala kitu kilichopakwa kadimiamu. Brasi ni shaba na zinki, na zinki haitulii kwenye ombwe. Ikipata joto kidogo inavuka na kutua popote. Mtu anaweza kuhangaika wiki nzima na utando mbovu, akibadilisha alumini na kusafisha vioo, kumbe mkosaji ni skrubu moja ya duka la vifaa vya ujenzi.

Nyinyi mliotoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza na Mkwajuni mnakujua kuvuka huku kwa metali kwa njia nyingine, yenye hatari. Mchimbaji mdogo anapokamata dhahabu kwa zebaki kisha akachoma ule mchanganyiko, anavukiza metali. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064, kwa hiyo moja inaondoka na nyingine inabaki. Ila ile iliyoondoka haijapotea. Imetua kwenye bati la paa, kwenye ukuta, kwenye nguo, kwenye mapafu ya aliyepuliza moto na ya mtoto aliyesimama karibu. Zebaki huharibu ubongo na neva, na mimba haiwezi kujikinga nayo. Nawasihi kama mzazi: kama nyumbani bado wanachoma, wapatieni chombo chenye kifuniko na bomba la kunasia mvuke, na kazi hiyo itoke jikoni leo. Dhahabu inayobaki nayo bado ina mabaki ya zebaki, na fedha iliyozaliwa nayo ardhini. Sonara anaweza kuifanyia kazi akishaiyeyusha. Ukiitia kwenye ombwe vilevile, zebaki itatangulia kutoka na kukaa kwenye kila pembe ya chombo, na chombo hicho hakitaaminika tena kwa muda mrefu.

Mpaka hapa mtadhani nauhubiri usafi kama dini. Hapana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 waliokuwa wakitengeneza saketi ndogo walikuwa na kilio: njia za alumini walizovukiza, nyembamba na safi, zilikuwa zikikatika baada ya muda wa kazi. Mkondo wa umeme ulikuwa mkali kiasi cha kuzisukuma atomu za alumini kwenye mipaka ya punje, zikarundikana upande mmoja na kuacha shimo upande mwingine. Mwaka 1970 watafiti wa IBM walitoa taarifa kwamba asilimia chache za shaba ndani ya alumini ile zinaongeza maisha yake mara nyingi sana. Shaba hukaa kwenye mipaka ya punje, mahali palepale oksijeni ilipotuletea balaa, na kuifunga njia. Ukinzani uliongezeka kidogo, wakakubali kulipa. Oksijeni yenyewe, ikitiwa kwa makusudi na kwa kipimo, huifanya alumini iwe kipitishi kisicho na ukinzani kwenye joto zaidi ya nyuzi 2 juu ya sifuri halisi, wakati alumini safi hungoja hadi 1.2.

Na mfano wa nyumbani upo. Nuru Mlyuka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Uppsala, Sweden, mwaka 2009 walichapisha kazi kuhusu tando za oksidi ya vanadi, zile zinazobadilika tabia kwa joto na kuweza kupunguza joto la jua linalopita dirishani. Hizo ni oksidi, na hazikuwekwa kwa kuvukizwa, lakini somo ni letu. Oksidi hiyo ikiwa peke yake hubadilika kwenye nyuzi 68, juu mno kwa dirisha la mtu, na inakula mwanga mwingi. Walitia magnesiamu. Joto la kubadilika likashuka, na mwanga mwingi zaidi ukapita. Kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Rogath Kivaisi wa chuo hichohicho alikuwa ameshachapisha utafiti wa alumini iliyovukizwa ikatua kwa mshazari: atomu zinazokuja kwa upande hujenga nguzo zinazotiliana kivuli, mapengo yakabaki kati yake, na mwanga ukapotea humo. Alumini ni ileile, ila pembe imebadilika. Nawatajia hawa ili msije mkadhani kazi hii inawasubiri watu wa mbali.

Tofauti kati ya shaba ya IBM na oksijeni ya mwanafunzi mzembe ni kwamba ya kwanza ilijulikana jina, kiasi na mahali inapokaa. Nendeni Ndolezi mkakitazame tena Kimondo, lile jiwe la tani nyingi ambalo wengi wenu mmepigia picha tu. Waliolichunguza hawakuandika "chuma" wakaondoka. Waliandika chuma asilimia 90 na ushei, nikeli karibu 9, shaba chini ya moja, fosforasi kama 0.1, salfa 0.01. Hivyo ndivyo nataka muandike kuhusu tando zenu. Metali ilitoka wapi na usafi wake ni upi. Ombwe lilikuwa kiasi gani kabla ya kuwasha, na lilipanda mpaka wapi wakati metali inavuka, maana hapo ndipo ukweli ulipo. Kasi. Unene. Joto la kioo. Pembe. Msipopima kimojawapo, andikeni kwamba hakikupimwa. Mwalimu mwenye haki atawaheshimu kwa hilo, na asiyewaheshimu asiwabadilishe.

Maabara zetu si tajiri, na mtaambiwa bila vifaa vipya hakuna utafiti. Msikubali upesi. Pampu ya zamani inayotunzwa, yenye mafuta yaliyobadilishwa kwa wakati na mpira wa mlango usiovuja, itawashinda wenye mashine mpya wasioosha mikono. Anzeni na mlicho nacho. Wikiendi hii chukueni pakiti tupu ya krispi, ikateni, ifungueni, iwekeni mbele ya tochi ya simu kwenye chumba chenye giza. Mtaona vitundu vya nuru. Vingine ni mikwaruzo, vingine ni mahali ambapo punje ya vumbi ilikaa siku alumini ilipokuwa ikitua, kisha ikadondoka na alumini yake. Vihesabuni kwenye eneo la sentimita moja mraba. Chukueni pakiti ya kampuni nyingine, mlinganishe.

Na mkishafika chuoni, iwe Mlimani kule Dar es Salaam au MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, siku ya kwanza ya kuonyeshwa mashine ombeni kwanza daftari lake. Fungueni kurasa za mwisho muone waliowatangulia waliweka metali gani humo. Kama kuna mtu aliyevukiza zinki, kadimiamu au kitu ambacho hakukiandika, msianze kazi: ombeni ruhusa mvue ngao za ndani, mzisugue mpaka chuma kionekane, mzikaushe kwa moto, mzirudishe kwa glavu, kisha muandike tarehe na mlichokifanya.